Masikio ya Saa ya Kale Yaliyovunjika: Namna ya Kuyarekebisha Bila Kuliharibu Kasha

Saa nyingi za kale zinazolala kwenye madroo ya nyumba za Dar es Salaam hazikuachwa kwa sababu mashine zake zimekufa. Ukizitia ufunguo, nyingi huanza kugonga papo hapo. Kilichozitoa mkononi ni kwamba mahali pa kufungia mkanda pamevunjika, pamelika au pameng'oka, na mwenye saa hakumpata mtu wa kupatengeneza. Mji wetu unachangia uharibifu huo, kwa kuwa jasho la siku nzima na hewa ya bahari yenye chumvi huingia kwenye matundu madogo ya pini, hubaki humo, na polepole hula chuma cha pini pamoja na kuta za tundu lenyewe.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo peke yake, na umeandikwa kwa ajili ya fundi anayeanza kupokea saa za aina hii, pia kwa mwenye saa anayetaka kujua amwambie nini fundi kabla ya kumkabidhi urithi wa babu yake. Naomba jambo moja lieleweke mapema, kwa maana kila hatua inayofuata inalitegemea: sikio lililovunjika karibu siku zote linaweza kurudishwa, lakini sikio lililobandikwa kwa risasi ya kulehemia redio juu ya kasha la fedha linaweza kuliharibu kasha kiasi kwamba fundi atakayekuja baadaye hatakuwa na la kufanya.

Kwa majina, nitaita kasha ule mwili wa metali unaobeba mashine, na masikio zile ncha nne zinazochomoza, mbili juu na mbili chini, ambazo katikati yake hukaa mkanda. Pini ya springi ni kile kijiti chembamba chenye ncha zinazobonyea, kinachopita ndani ya mkanda na kuingia kwenye matundu ya masikio. Saa nyingine za kale, hasa za kijeshi, zina pini iliyokazwa moja kwa moja isiyotoka. Nyingine za kale zaidi, za miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, hazina masikio kabisa. Zilirithi umbo la saa za mfukoni, kasha la mviringo ambalo juu na chini pamelehemewa waya uliokunjwa. Hivyo nitaviita vikuku vya waya.

Tambua metali kabla ya kugusa kitu chochote

Fungua mfuniko wa nyuma na usome mihuri ya ndani kwa kioo cha kukuzia. Kuanzia mwaka 1907 makasha ya saa ya dhahabu na fedha yaliyoingizwa Uingereza yalitakiwa kupimwa na kugongwa mihuri hukohuko, kwa hiyo saa ya Uswisi iliyopitia soko la Uingereza baada ya hapo mara nyingi huonyesha namba 925 ikiwa kasha lake ni la fedha. Zile ambazo hazikupitia huko zinaweza kuwa na 0.800, 0.875 au 0.935. Namba hizi zote zinahesabu sehemu za fedha katika sehemu elfu moja, na zote zinakuambia kwamba una kasha linaloweza kulehemewa vizuri kwa lehemu ya fedha, yaani metali ya kuungia yenye fedha ndani yake, inayoyeyuka kabla ya kasha.

Ukikuta maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba mfuniko wa nyuma ni wa chuma kisichoshika kutu, usidhani kwamba kasha zima ni hivyo. Kwa kawaida maana yake ni kwamba mfuniko pekee ndio wa chuma hicho, ilhali kasha la mbele ni shaba ya njano iliyopakwa kromu. Litazame pale lilipovunjika, nawe utaiona njano chini ya weupe. Kasha lenye namba kama 10 au 20 pamoja na neno la mikroni limefunikwa dhahabu nyembamba kwa unene huo, na ndani yake ni shaba au chuma.

Kuna aina moja ya kuiogopa, nayo ni makasha ya bei rahisi yaliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki. Mvunjiko wake una rangi ya kijivu iliyofifia na chembechembe kama za sukari. Metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 400 hivi za Selisiasi au chini kidogo, na ukiielekezea moto wa sonara itageuka tope mbele ya macho yako kabla hujaona dalili yoyote ya wekundu. Kasha la namna hiyo usilipeleke kwenye moto kabisa.

Toa mashine, kioo na kila kisichopenda joto

Hakuna kulehemu, hata kwa joto dogo, mashine ikiwa bado ndani. Legeza skrubu ndogo au bonyeza kitufe kinachoshikilia ule mhimili wa kutilia ufunguo, uvute mhimili, fungua skrubu mbili za pembeni zinazoishika mashine, kisha uitoe kwa upande wa mbele au wa nyuma kulingana na kasha lilivyoundwa. Rudisha mhimili kwenye mashine ili usipotee, na uihifadhi mashine ndani ya kikopo chenye mfuniko pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya, kwani wakati wa masika mashine iliyoachwa wazi mezani huanza kushika kutu upesi.

Uso wa saa usiuguse kwa vidole. Iwapo namba au mishale ina rangi ya kung'aa gizani na saa ni ya kabla ya miaka ya 1960, chukulia kwamba rangi hiyo ina radiamu, ambayo nusu ya nguvu yake hupungua baada ya miaka 1,600 hivi. Haing'ai tena kwa sababu rangi imechoka, lakini mionzi ipo. Usiikwangue, usiipulize, na unawe mikono baada ya kuishika.

Kioo nacho kitoke. Vioo vya plastiki vya zamani sana vilitengenezwa kwa seluloidi, na seluloidi huwaka kwa kasi ya kutisha. Toa pia mifuniko, mipira ya kuzuia maji na springi zote za kufungia mfuniko, kwa sababu springi iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu hupoteza ukakamavu wake na haitafunga tena.

Pini iliyokatikia ndani ya tundu

Hili ndilo tatizo dogo kuliko yote, na ndilo linaloharibu makasha mengi, kwa sababu watu hukimbilia keekee. Ikiwa tundu limetoboka mpaka upande wa nje wa sikio, tia tone la mafuta mepesi ya kulegeza kutu, subiri mpaka kesho yake, kisha sukuma kipande kwa sindano nene iliyokatwa ncha. Ikiwa tundu ni kipofu, yaani halikutokea nje, na kasha ni la shaba, fedha au dhahabu, tumia shabu.

Shabu ileile inayouzwa Kariakoo kwa wauza dawa za asili na viungo, ambayo vinyozi huipaka baada ya kunyoa, hula chuma bila kuidhuru shaba, fedha wala dhahabu. Iponde, uikoroge kwenye maji ya moto ndani ya bakuli la kioo mpaka isiyeyuke tena, kisha uzamishe kasha tupu humo na uweke bakuli juu ya sufuria ya maji yenye joto. Baada ya muda utaona vipovu vidogo vikitoka tunduni. Hapo chuma kinaliwa. Kazi inaweza kuchukua saa kadhaa au zaidi ya siku nzima, na unaweza kubadilisha maji yakichafuka. Hakikisha hakuna kipande kingine cha chuma kwenye kasha, maana shabu haichagui. Kasha la chuma kisichoshika kutu usilitie, na lile lililopakwa kromu au nikeli ni afadhali utoe pini kwa mkono hata kama itachukua muda mrefu. Ukimaliza, osha kwa maji mengi na sabuni, ukaushe vizuri.

Tundu lililopanuka

Saa iliyovaliwa miaka arobaini kwa pini nyembamba huwa na matundu ya mviringo mrefu badala ya duara, na pini mpya huchomoka yenyewe. Jaribu kwanza pini yenye ncha nene zaidi, kwa kuwa pini hutofautiana: mwili wa nyingi ni milimita 1.5 au 1.8, na ncha zake huanzia kama milimita 0.8 na kuendelea. Upana kati ya masikio uupime kwa rula ya vanie, usikadirie kwa macho. Saa za kiume za zamani mara nyingi ni milimita 16 au 18, na pini fupi kwa nusu milimita tu inatosha kukupotezea saa ukipanda daladala.

Ikiwa ncha nene haisaidii, tundu linatakiwa kuwekewa bushi, yaani kijiti cha kuliziba ambacho hutobolewa upya. Toboa tundu liwe duara safi la milimita 1.5 au karibu na hapo, huku sikio likiwa limeshikwa kwenye jiliwa lililofunikwa kwa ngozi na keekee ikizungushwa polepole kwa mkono. Chonga kijiti cha metali ileile ya kasha kiingie humo kwa kubana, kilehemu kwa njia inayofaa metali hiyo kama nitakavyoeleza hapo chini, kisha toboa tundu jipya katikati yake kwa kipimo cha ncha ya pini. Masikio yote mawili ya upande mmoja yatobolewe yakiangaliana sawasawa. Tundu likipishana na mwenzake kwa kiasi kidogo tu, pini hukaa upande na mkanda huvuta kasha vibaya.

Sikio au kikuku kilichong'oka kwenye kasha la fedha

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri na kazi mbaya zinapoachana.

Risasi ya kawaida ya fundi redio, mchanganyiko wa bati na risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Inashika haraka na inaonekana kama imetengeneza. Lakini kikuku cha saa huvutwa kila unapokunja kiganja, na kiungo hicho hakina nguvu ya kubeba mvuto huo kwa muda mrefu; kitaachia tena. Fundi wa pili atakapotaka kulehemu kwa lehemu ya fedha, ile risasi iliyobaki itapenya ndani ya fedha pindi kasha linapopata joto kali na kuitoboa mashimo, na ukuta wa kasha la saa ni mwembamba mno kuvumilia mashimo. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza saa inapoletwa ni kama imewahi kutengenezwa.

Ukikuta risasi, ipashe joto dogo, ifute ikiwa bado maji, kisha ikwangue na kuipiga tupa mpaka chini ya kioo cha kukuzia usione doa hata moja la kijivu, ila weupe wa fedha peke yake. Ukiwa na shaka yoyote kwamba imebaki kwenye ufa usioufikia, usipandishe moto. Tumia lehemu ya bati iliyochanganywa na fedha kidogo, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221 hivi na isiyo na risasi ndani yake. Si imara kama lehemu ya fedha halisi, lakini inashinda risasi ya kawaida, nayo haitalitoboa kasha.

Kasha likiwa safi, fuata njia ya sonara. Ukiwa huna vifaa, wapo masonara katikati ya jiji, maeneo ya Kisutu na mtaa wa Indira Gandhi, na pia Kariakoo. Wengi wao huifanya kazi hii kila siku kwenye pete na mikufu. Mwambie kwa heshima na kwa uwazi: "Fundi, naomba ulehemu kwa lehemu ya fedha ile inayoyeyuka mapema, usitumie risasi, na tafadhali usipige tupa kwenye mihuri." Mpelekee kasha tupu. Saa nzima usimwachie, kwa kuwa yeye ni fundi wa fedha, si fundi wa saa.

Kama unafanya mwenyewe, tayarisha kiungo kwanza. Kikuku kilichopotea hutengenezwa kwa waya wa fedha ya 925 wenye unene ule wa kikuku kilichobaki upande wa pili, uliokunjwa juu ya shina la keekee ili upate umbo lilelile. Miguu yake miwili ipigwe tupa ifuate mviringo wa kasha mpaka ukiinua kuelekea dirishani usione mwanga ukipita kati ya mguu na kasha. Lehemu haizibi nafasi. Hutambaa mahali palipobanana, na pasipobanana hupaacha wazi.

Sikio nene lililovunjika kwenye shina linahitaji zaidi ya kugusana. Toboa tundu la milimita 0.8 au 1 kwenye shina na jingine kwenye kipande, uweke kijiti cha fedha kinachoingia pande zote mbili, kama seremala anavyounganisha mguu wa meza, ndipo ulehemu. Kijiti hicho hubeba mvuto, na hukizuia kipande kisihame wakati wa moto.

Funga kazi kwa waya mwembamba wa chuma. Masikio au vikuku vingine vya kasha vilivyolehemewa zamani uvipake ute mzito wa udongo wa mfinyanzi, maana lehemu yake ya zamani inaweza kuyeyuka na kuviangusha. Paka boraksi, chumvi inayoisaidia lehemu kutambaa, iliyosagwa na maji kwenye kiungo. Sehemu nyingine za kasha unaweza kuzichovya kwenye asidi ya boriki iliyokorogwa na spiriti, uiache spiriti iwake na kuisha mbali na chupa yake. Ule ukungu mweupe unaobaki huizuia fedha isipate weusi wa ndani ambao kung'arisha hakuutoi.

Lehemu ya fedha inayoyeyuka mapema hutiririka kwenye nyuzi 720 hivi, wakati fedha ya 925 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 na kidogo. Nafasi yako ni nyuzi themanini tu, na hakuna kipimajoto mkononi; kuna macho yako. Kwa hiyo usifanye kazi hii barazani jua likiwaka, kwa sababu mwanga wa mchana wa pwani huuficha wekundu wa kwanza wa metali, na utakapouona tayari umechelewa. Kaa ndani, penye kivuli, zima feni isije ikapeperusha moto, lakini acha dirisha wazi moshi utoke. Nunua lehemu isiyo na kadimiamu, kwani moshi wa kadimiamu ni sumu ya mapafu.

Weka vipande vidogo vya lehemu, vya ukubwa wa kichwa cha pini, penye kiungo. Zungusha moto mpana juu ya kasha zima kwanza, kwa sababu kasha ni zito kuliko waya na huchelewa kupata joto. Ukianza na waya utauyeyusha huku kasha likiwa bado baridi. Boraksi itafura, itatulia, kisha itakuwa kama kioo cha maji. Wekundu hafifu unapojitokeza, kaza moto upande wa kasha karibu na kiungo, nawe utaona mstari unaong'aa ukikimbia kuzunguka mguu. Ondoa moto papo hapo. Sekunde za ziada hazikiongezei kiungo nguvu.

Acha wekundu upotee kabisa, toa waya wa chuma, kisha tia kasha kwenye maji ya vuguvugu yenye asidi ya sitriki ya unga ili boraksi na weusi viondoke. Tumia kibano cha shaba au plastiki humo. Kibano cha chuma, au waya wa kufungia uliosahauliwa, huifanya fedha ipakwe rangi ya shaba nyekundu. Malizia kwa msasa laini penye kiungo peke yake. Mimi napendelea kuacha mikwaruzo ya miaka mia kwenye sehemu nyingine za kasha, kwa kuwa kasha lililong'arishwa lote hupoteza kingo zake, na kingo hazirudi.

Makasha yasiyovumilia moto mkali

Kasha lililofunikwa dhahabu nyembamba likipata nyuzi 700, dhahabu huzama ndani ya shaba na rangi hupotea. Litumie lehemu ya bati na fedha ya nyuzi 221 pamoja na kijiti cha ndani, na ufunge matambara mabichi kwenye sehemu isiyohusika. Kasha lililopakwa kromu lina shida ya ziada kwamba lehemu haishiki juu ya kromu, hivyo ikwangue mahali pa kiungo mpaka uone njano. Baada ya kumaliza, paka hapo rangi ya kucha isiyo na rangi, la sivyo jasho litaleta ukungu wa kijani ndani ya muda mfupi, nawe utairudia mara kwa mara.

Chuma kisichoshika kutu, kama cha Seiko 5 nyingi za kuanzia miaka ya 1960, kinatengenezwa vizuri kwa mashine ya kuchomelea ya leza, ambayo hupasha nukta ndogo tu. Usilipeleke kwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Moto wake ni wa vyuma vinene, na utaondoka na sikio moja ukiwa umepoteza mawili. Ni heri saa ikae kwenye droo mpaka upate leza.

Ama supaglu na gundi za mchanganyiko wa chupa mbili, hazifai kubeba mkanda. Tena mvuke wa supaglu huweka ukungu mweupe kwenye kioo na uso wa saa.

Kujaribu, kisha mkanda

Kabla ya kurudisha mashine, pitisha kamba kwenye kiungo kipya na utundike pakiti mbili za sukari za kilo moja moja juu ya mto kwa dakika chache. Kiungo kikiachia, kimeachia mashine ikiwa salama. Kikisimama, angalia tena kwa kioo kama kuna ufa.

Kwa kasha lenye vikuku au pini zisizotoka, chagua mkanda wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, ili mvuto ugawanyike pande mbili na kiungo kipumzike. Fundi viatu mzuri anaweza kukushonea wa ngozi laini isiyozidi milimita 2 kwa unene. Mkanda mnene hujibana kwenye kikuku na kukisukuma nje kila unapoufunga. Kwa saa yenye pini za springi, toa pini kila baada ya miezi michache, zifute jasho, na zenye kutu uzitupe. Pini mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na kasha.